Mita Isiyojua Habari za Jumapili

Ti. Ti. Ti.

Sauti hiyo ilianza kabla jogoo hajawika na kabla kengele ya misheni haijagongwa. Ilitoka kwenye mita yetu ya umeme, ile ya zamani, iliyokuwa ukutani kando ya mlango wa chumba cha nyuma. Kwa wiki tatu mita hiyo ilikuwa ikilia kila alfajiri, uniti ziwe nyingi au chache. Ilikuwa imechoka. Vitufe vyake viwili, chenye saba na chenye nne, vilitaka kubonyezwa kwa kidole gumba na kwa subira.

"Bibi, mita inalia tena," alisema mjukuu wangu Upendo kutoka kitandani kwake.

"Iache ilie. Magoti yangu nayo hulia kila nikiamka, na mbona bado nipo?"

Alicheka ndani ya blanketi, kisha akaamka kwenda kuwaangalia vifaranga, kama alivyofanya kila siku.

Upendo alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Wazazi wake wanafanya kazi Korogwe mjini, naye amekaa nami tangu alipoanza shule. Sisi tunakaa Lutindi, huku juu milimani, ambako mwezi wa sita ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Mwezi huo shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilikuwa nimeletewa vifaranga hamsini kutoka Korogwe. Tuliwaweka chumba cha nyuma, tukawazungushia maboksi, tukawamwagia maranda chini, na juu yao tukaning'iniza balbu kubwa ya kuwapa joto. Kwa baridi ya huku, balbu hiyo ndiyo mama yao. Ikizimika, hukimbilia pembeni na kulaliana, na walio chini hukosa hewa.

"Kumi kati ya hawa ni wako," nilimwambia Upendo siku walipofika. "Utawalea, utauza mayai, utanunua unachotaka. Lakini balbu ya wote hamsini uiangalie wewe."

Alikubali kwa furaha, na kwa siku sita aliiangalia vizuri.

Alfajiri hiyo ninayoisimulia ilikuwa ya Jumanne, na vifaranga hawakuwa tena hamsini. Walikuwa arobaini na tatu. Jumapili mchana nilikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Niliporudi nilimkuta Upendo mlangoni, kifaranga mfu mkononi, machozi yanamtiririka.

"Umeme ulikatika, Bibi," aliniambia.

Nilimwamini. Umeme hukatika, kila mtu anajua. Nilimfuta machozi, tukawazika wale saba nyuma ya migomba, nami nikaunung'unikia umeme mpaka nikalala.

Ukweli nilikuja kuujua baadaye, kutoka kinywani mwake mwenyewe. Chumba kile kina soketi moja tu. Jumapili ile Upendo alitaka kwenda kwaya na gauni lililonyooka. Akachomoa waya wa balbu, akachomeka pasi, akapiga pasi vizuri, kisha wenzake wakamwita barabarani. Akatoka mbio. Waya wa balbu ukabaki sakafuni. Aliporudi na kuona yaliyotokea aliurudisha haraka, na neno la kwanza lililomjia lilikuwa lile tunalolitumia wote: umeme ulikatika.

*

Siku hiyo ya Jumanne mwenyekiti wa kitongoji alituita kwenye mkutano. Alikuja fundi wa umeme, kijana mwembamba aliyevaa masweta mawili na kofia ya sufu.

"Shikamooni wazee," alisema. "Naitwa Athuman. Kwetu ni Mazingara, Handeni."

"Marahaba! Mzigua!" alidakia Mzee Dunstan, jirani yangu ambaye hawezi kukaa kimya mkutanoni. "Ndiyo maana umejifunga kama mgonjwa wa malaria."

"Mzee wangu, nyinyi Wasambaa mnaishi ndani ya mawingu," Athuman alijibu. "Sisi kwetu baridi huwa tunaisikia kwenye redio."

Watu walicheka, na kuanzia hapo tukamsikiliza kama mtu wa nyumbani. Alieleza kwamba mita zote za zamani zinaondolewa na kila nyumba itafungiwa mita mpya. "Zinaitwa mita janja," alisema.

Niliinua mkono.

"Mwanangu, jina hilo halijakaa vizuri. Mtu mjanja ninayemjua mimi ni yule aliyeniuzia gunia la mahindi, juu mahindi, chini mabua. Sasa huyo janja wako unataka nimpe ukuta wangu?"

"Muulize tena, Bibi Hosiana!" alipiga kelele Mzee Dunstan.

Athuman alicheka mpaka kofia ikamshuka usoni. "Bibi, janja hapa maana yake ina akili. Ukinunua umeme kwa simu, uniti zinaingia zenyewe, huna haja ya kubonyeza tarakimu ishirini. Tena inaweka kumbukumbu. Umeme ukikatika nyumbani kwako inaandika umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi, na sisi ofisini tunaona. Hakuna tena kubishana."

"Hapo umenena," nilisema. "Maana Jumapili hii umeme ulikatika, vifaranga wangu saba wakafa."

Athuman aliacha kucheka. Alitoa daftari mfukoni. "Pole sana, Bibi. Ajabu, Jumapili hatukupata taarifa ya hitilafu yoyote huku." Aliandika jina langu na siku ile. "Nitafuatilia. Na mita janja ikishafungwa, kila ukikatika itatueleza."

Mimi niliridhika. Sikumtazama Upendo aliyekuwa ameketi pembeni yangu. Kama ningemtazama, ningeona jinsi alivyokuwa ameushika mkeka tulioukalia kwa vidole vyote kumi.

Njiani aliniuliza, "Bibi, hiyo mita ina macho?"

"Sijui, mwanangu. Siku hizi hata simu zina macho."

Nilisema kwa utani tu. Yeye aliyabeba maneno hayo siku mbili nzima. Alikuwa na hakika kwamba siku mita ile itakapofungwa, ya Jumapili yote yatasomwa mbele ya watu.

*

Alhamisi ilikuwa zamu yetu. Asubuhi nilichukua jembe niende shambani kuchimba magimbi.

"Fundi akija," nilimwambia Upendo, "mwambie afunge tu, nimeshakubali. Na chai iko kwenye chupa. Usimwache mtu wa watu aondoke na baridi."

"Sawa, Bibi."

Athuman alifika saa tano, begi la vifaa begani, viatu vizito kwa matope.

"Hodi! Bibi yupo?"

"Hayupo," alisema Upendo. Alisimama katikati ya mlango. "Lakini amesema hataki. Amesema kitu kinachoitwa janja hakiingii nyumbani kwake."

Athuman alikunja uso. "Nilidhani Bibi alikuwa anatania."

"Hakuwa anatania."

"Haya. Silazimishi mtu." Aliandika kitu kwenye daftari lake. "Basi naomba maji ya kunywa, mdogo wangu, niendelee."

Upendo alimletea maji kwenye kikombe. Chai hakumpa, maana aliogopa angeketi na kunisubiri. Alipokuwa anakunywa, fundi alichungulia kupitia mlango wa chumba cha nyuma, akaona vifaranga. Waya wa balbu ulikuwa umelegea na kugusa bakuli lao la maji.

"Huu ni hatari," alisema. "Unaniruhusu?"

Upendo alisogea. Athuman aliingia, akachuchumaa kwa taratibu ili asiwatishe vifaranga, akauinua waya na kuufunga juu kwenye papi, ubao mwembamba wa darini, kwa tepu ya bluu, mizunguko mitatu. Akajaribu kuuvuta. Haukutikisika. Kisha akarudisha kikombe, akashukuru na kuondoka. Alikuwa amekataliwa kazi, hakupewa hata chai, na bado alitengeneza waya ambao hakuna aliyemwomba autengeneze. Upendo alimwangalia mpaka ukungu ukamfunika.

Nilirudi saa saba na nusu, magimbi kichwani.

"Fundi amefika?"

"Bado, Bibi."

"Masikini, labda amekwama. Njia yetu hii ina utelezi." Nilibandika magimbi jikoni. Yalipoiva nilichagua manne makubwa, nikayafunika kwenye sahani. "Haya ni yake. Akifika atakuwa na njaa."

Upendo aliitazama sahani ile, kisha akatoka nje akakaa juu ya jiwe.

Saa tisa balbu ikazimika.

Safari hii umeme ulikuwa umekwisha kwenye mita. Nilikuwa na karatasi ya umeme niliyonunua tangu jana, nikaanza kubonyeza zile tarakimu. Nilipofika kwenye saba, kitufe kikagoma. Nilirudia. Kikagoma tena. Nilikibonyeza kwa gumba, nikakibonyeza kwa mwiko, nikakisemesha kwa Kisambaa. Mita ikalia "ti" moja tu, ikanyamaza kabisa.

Ukungu ulikuwa umeshafika dirishani. Vifaranga walianza kuacha chakula na kusogeleana. Walikuwa wanalia ule mlio mwembamba wa baridi.

"Lete chupa zote za plastiki!" nilimwambia Upendo. "Na khanga zile kuukuu."

Tulichemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga kwa khanga na kuzilaza katikati ya vifaranga. Walizikimbilia. Lakini chupa hupoa, na kuni zilikuwa chache na mbichi.

"Usilie," nilimwambia, maana nilimwona anafuta macho. "Si kosa lako. Ni fundi hakuja. Angekuja, tusingefika hapa."

Niliinua kichwa ninyooshe mgongo. Ndipo nikaiona tepu ya bluu kwenye papi.

Nilisogea nikaigusa. Ilikuwa mpya. Mizunguko mitatu, imekatwa sawasawa, na waya uko juu mbali na maji. Nyumbani kwetu hatuna tepu kama hiyo.

"Upendo, nani ameufunga waya huu?"

Alijifanya anapanga chupa.

"Aliyeufunga ana moyo mzuri," nilisema. "Amewafikiria vifaranga wasiokuwa wake. Ningependa kumshukuru, ila simjui."

Wala sikusema kwa kumtega. Nilisema kwa sababu ndivyo nilivyoona. Lakini Upendo alikaa chini kwenye maranda, akafunika uso kwa mikono yake.

"Ni fundi," alisema. "Alikuja, Bibi. Nilimwambia wewe umekataa."

Kwa kweli nilikasirika. Nilifikiria magimbi yangu kwenye sahani, na kijana wa watu akishuka mlima kwenye matope, anaamini kwamba nimemfukuza.

"Kwa nini?"

"Niliogopa mita."

Sikumwelewa, na hapakuwa na muda wa kumwelewa. "Gari la mafundi liko misheni. Wanaondoka saa kumi na moja. Mimi siwezi kukimbia, na chupa hizi zinataka mtu. Nenda wewe. Umwambie wewe mwenyewe, usiseme nimebadili mawazo. Sema ilivyokuwa."

*

Upendo alikimbia. Alianguka mara moja penye utelezi, akainuka na tope magotini. Alipofika misheni, Athuman alikuwa anafunga ngazi juu ya gari, na dereva wao, Jabiri, alikuwa ameshawasha injini.

"Kaka Athuman!" aliita. "Shikamoo. Bibi hakukataa. Nilikataa mimi."

Athuman aliteremka. "Wewe?"

"Nilikudanganya. Bibi alisema ufunge, tena alisema nikupe chai. Sasa umeme umekwisha, mita imegoma, na vifaranga wanapata baridi." Alivuta pumzi. "Naomba urudi."

"Athuman," alisema Jabiri kutoka dirishani, "tukirudi huko, Korogwe tutaingia usiku. Mke wangu atanifungia mlango."

"Utalala kwangu," alisema Athuman, akaanza kuifungua ngazi. "Panda, mdogo wangu. Vifaranga hawawezi kusubiri mpaka kesho."

Nilisikia gari kabla sijaliona. Mikono yangu ilikuwa imebabuka kwa maji ya moto, na chupa mbili zilikuwa zimeshapoa. Athuman alinisalimia, akaniangalia mikono, akasema, "Bibi, kaa sasa. Tuachie sisi."

Aliitoa mita ya zamani. Upendo alimshikia skrubu kiganjani, moja moja, bila kuangusha hata moja. Jabiri naye, kwa kulalamika kwake kote, aliingia jikoni akapuliza moto na kunichemshia maji mengine. Mita mpya ilikuwa ndogo, nyeupe, yenye kioo.

Nilikuwa nimesimama karibu nikayasikia maneno yao.

"Kaka Athuman," Upendo aliuliza kwa sauti ya chini, "itasema na ya Jumapili?"

"Jumapili gani?"

"Jumapili iliyopita. Umeme ulipokatika."

Athuman alitikisa kichwa huku akikaza skrubu. "Itajuaje? Mita hii inazaliwa leo. Ya jana haiyajui, ya Jumapili ndiyo kabisa. Na hata kuanzia leo itahesabu umeme tu. Haina macho wala masikio."

Niliona mabega ya Upendo yakishuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji. Hakuna ambaye angejua tena. Alibaki ameshika skrubu ya mwisho, akiiangalia kwa muda mrefu. Kisha akageuka akaniangalia mimi.

"Bibi, Jumapili umeme haukukatika."

Mkono wa Athuman ulisimama.

"Nilichomoa balbu nipige pasi gauni la kwaya. Nikasahau kuirudisha. Ni mimi niliyewaua wale saba."

Hapo ndipo nilipoelewa yote: swali la macho, na kwa nini fundi alirudishwa mlangoni. Nilimvuta kwangu.

"Umechelewa kuniambia," nilimwambia, "lakini umeniambia wakati hakuna aliyekulazimisha. Hilo nimeliona."

Kisha nilimgeukia Athuman. "Mwanangu, toa daftari lako."

Alilitoa.

"Jumanne nilisimama mbele ya watu nikausingizia umeme. Sikujua, lakini nimesema. Naomba ufute. Na uandike kwamba Bibi Hosiana alikosea. Jumapili baada ya ibada nitawaambia na wenzangu."

"Si lazima, Bibi," alisema Athuman. "Umeme unasingiziwa mengi. Umeshazoea."

"Lazima. Mjukuu wangu ametubu akiwa na miaka kumi na miwili. Mimi nitasubiri mpaka lini?"

Athuman aliyafuta maneno yale ya Jumanne, akapiga mstari mmoja mrefu, akatuonyesha wote wawili. Kisha akasema, "Uniti za kuanzia zimo. Haya, Upendo, washa wewe."

Upendo alibonyeza swichi. Balbu ikawaka, na chumba kikawa cha manjano. Vifaranga walibaki wamesongamana kidogo, kisha mmoja akanyoosha kichwa, akatoka, wa pili akamfuata, mpaka wakatawanyika wote wakaanza kudonoa. Upendo alipiga magoti akawahesabu, akarudia kuwahesabu.

"Arobaini na tatu," alisema. "Wote, Bibi! Wote wapo!"

Tulikula magimbi pamoja, na chai ya mchaichai. Jabiri alikula matatu, akasema kwamba sasa hata mlango ukifungwa hana neno. Athuman alishika kikombe kwa mikono miwili, karibu na pua.

"Bibi, bado hulipendi jina?" aliniuliza.

"Nimelifikiria," nilisema. Nilimweka Upendo karibu yangu, maana hili nilitaka alisikie yeye. "Ujanja wa mita hii ni kusema jambo jinsi lilivyo, basi. Ujanja wetu watu ni kuficha, na tazama ulivyotuhangaisha siku nne. Upendo, ulichomoa waya kwa kusahau. Kusahau kunasameheka siku ile ile. Lakini ulipoficha ulihitaji uongo wa pili, kisha wa tatu, na karibu tuwapoteze vifaranga wote kwa ajili ya wale saba. Ukikosea tena, na utakosea kwa kuwa u mtu, njoo uniambie kungali mapema. Mimi sitakufukuza."

"Ndiyo, Bibi."

"Na wale kumi bado ni wako. Ila magimbi ya wiki nzima utachimba wewe."

"Ndiyo, Bibi," alisema tena, na safari hii alitabasamu.

Tuliwasindikiza mpaka kwenye gari. Upendo alimpa Athuman magimbi mawili kwenye jani la mgomba.

"Kaka Athuman, utarudi lini kuisoma mita?"

"Hii haisomwi na mtu. Inajisoma yenyewe na kutuma habari ofisini. Sina tena haja ya kuja."

"Huo basi ndio ubaya wake," nilisema. "Inawanyima watu sababu ya kutembeleana."

Athuman alicheka, akapanda, akavuta kofia yake juu ya masikio. Injini ikawaka. Upendo alisogea mpaka dirishani, akakishika chuma cha mlango.

"Vifaranga hawa wakikua, wa kwanza kutaga atakuwa wangu," alisema. "Mayai yake ya kwanza nitakuwekea. Njoo tena, kaka. Njoo hata kama hakuna kilichoharibika."